Wembe Kabla ya Bomba: Wadudu wa Mpunga kati ya Nzoia na Manafwa



Nimeombwa niseme juu ya dawa za kuua wadudu katika mpunga. Nitasema, lakini nitangulize tahadhari: aliyekuja kutafuta jina la chupa mpya ataondoka mikono mitupu. Nina hoja moja tu, nayo ni kwamba katika mpunga wetu wa mpakani, dawa nyingi tunayopuliza haimfikii mdudu tuliyemkusudia, bali huwafikia wengine ambao hatukuwa na ugomvi nao, binadamu wakiwemo. Sisemi dawa itupwe. Nasema iwe ya mwisho kufikiriwa, wakati sasa ndiyo ya kwanza.

Mpunga ninaouzungumzia mnaujua. Upande wa Kenya kuna Bunyala, kule Budalang'i ambako mto Nzoia unakaribia kuingia Ziwa Viktoria. Upande wa Uganda kuna mabonde ya Tororo na Butaleja, ambayo yalikuwa wilaya moja hadi mwaka 2005, na ndani yake kuna mradi wa Doho unaonyweshwa na mto Manafwa, ulioanza kujengwa miaka ya 1970. Mbele kidogo, Bugiri, kuna Kibimba. Katikati ya hayo yote kuna vijaruba visivyo na mradi wala mhandisi, vya watu waliofuata kinamasi na jembe mkononi. Wadudu wa sehemu zote hizi ni ndugu. Mwaka 2018 marais wetu wawili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ila sijasikia bado nondo aliyepanga foleni pale kugongewa muhuri.

Nimekuja na kifungu cha mashina niliyoyang'oa asubuhi. Walio mbele watayaona vizuri. Walio nyuma wavumilie, nitayapitisha.

Hili hapa jani lake la kati limekauka, lakini majani ya pembeni ni mabichi kabisa. Nikilivuta linatoka lenyewe, na ncha yake ya chini imetafunwa. Sasa napasua shina kwa wembe, kuanzia juu kwenda chini. Mnaona huu unga wa kahawia? Ni kinyesi. Na huyu hapa mwenyewe, kiwavi, amelala ndani ya shina amejifungia. Huyu ni bungua. Angeingia mpunga ukiwa unachanua, tungepata suke jeupe lililosimama wima bila punje hata moja ya maana, lile ambalo mtu huliona kutoka barabarani akadhani ni mpunga ulioiva mapema.

Mtazameni alipo, kisha mfikirie bomba la mgongoni. Ukungu wa dawa unatua juu ya majani, na yeye yuko ndani ya ukuta wa shina. Tangu yai litotolewe hadi kiwavi atoboe shina ni siku chache tu, na hizo ndizo siku ambazo dawa ya kupuliza ingempata. Mkulima anapoona jani la kati limekufa, siku hizo zimekwisha kupita, na hakuna chupa duniani itakayolifufua jani hilo. Anachopuliza wakati huo ni hasira yake.

Mabungua wenyewe si wa aina moja. Kuna jamii ya Chilo, ambao mnawajua kutoka kwenye mahindi. Kuna Sesamia. Kuna yule anayeitwa kitaalamu Maliarpha, ambaye kwenye mradi wa Mwea, Kenya, ndiye bungua mkuu wa mpunga. Huyu hukaa chini kabisa ya shina, anakula wiki nyingi bila jani la kati kufa, na baada ya mavuno hubaki ndani ya visiki akingoja maji ya msimu ujao. Kwa hiyo silaha dhidi yake ni jembe. Lima visiki mapema, vizamishe majini, usiviache vimesimama miezi mitatu. Najua hapo nimegusa mfuko wa mtu, kwa sababu wapo wanaoacha visiki vichipue tena wapate kidogo cha ziada. Kila mtu afanye hesabu yake, lakini aandike katika hesabu hiyo kwamba yale machipukizi ni nyumba ya bungua, na kwamba jirani aliyepandikiza jana ndiye atakayepokea wageni.

Halafu kuna inzi. Wengi mmemwona bila kumjali: inzi mwekundu-mweusi ambaye macho yake yako kwenye ncha za vijiti viwili vilivyotoka kichwani. Jina lake ni Diopsis. Anapenda kivuli na kingo za mito, kwa hiyo majaruba yaliyo karibu na mto humpata mwanzo. Hutaga yai moja moja kwenye majani ya mpunga mchanga, na funza wake huua jani la kati kama afanyavyo bungua, kisha huhamia shina la pili na la tatu. Mkulima akiona hivyo wiki tatu baada ya kupandikiza, moyo unamruka.

Hapa nataka tukae kidogo. Mpunga mchanga una nguvu ambayo sisi wenyewe hatuiamini. Ukiua shina moja, mmea unatoa mengine. Kilichopotea wiki ya tatu mara nyingi hulipwa ifikapo wiki ya saba, mradi maji yapo na mbolea haikukosekana. Ndiyo maana wataalamu wa mpunga kule Asia, baada ya majaribio mengi katika mashamba ya wakulima, walifikia ushauri ambao mwanzoni ulichekwa: usipulize dawa ya wadudu katika siku 40 za kwanza. Vietnam waliutangaza redioni katika bonde la Mekong, na wakulima waliojaribu hawakuona mavuno yakishuka. Mimi nauchukua ushauri huo kama kawaida ya kuanzia, si kama amri. Mwaka ambao inzi wamejaa kupita kiasi, tutazungumza. Lakini wanaopuliza siku ya 15 kwa sababu jirani amepuliza, hao ndio wengi, na hao wanatupa fedha.

Kuna ugonjwa unaotudanganya zaidi ya wadudu wote. Mpunga unageuka manjano, majani yanakuwa na madoa na mistari, mmea unadumaa, masuke yanatoka nusu na punje ni makapi. Wenzetu wa Tanzania huuita kimyanga. Ni virusi, na mara ya kwanza duniani virusi hivi kuonekana ilikuwa hapa kwetu, Otonglo karibu na Kisumu, mwaka 1966. Bakker, mtafiti aliyevichunguza, alionyesha kuwa mbawakawa wadogo wanaotafuna majani huvieneza. Kutoka hapo watu wakaruka wakasema: ua mbawakawa, ugonjwa umekwisha. Haukuisha. Virusi hivi husafiri pia katika utomvu wa mmea. Hupita kwenye mikono inayong'oa miche kitaluni, kwenye mundu, kwenye midomo na kwato za ng'ombe walioachwa wajilishe majarubani. Mbegu haivibebi. Kwa hiyo dawa ya maana ni kubadilisha mahali pa kitalu, kung'oa na kuteketeza miche yenye madoa kabla haijagawiwa kwa majirani watano, na kupanda mbegu inayostahimili pale inapopatikana. Nimeona watu wakipuliza jaruba la kimyanga mara tatu katika msimu mmoja. Mpunga ulibaki manjano vile vile, isipokuwa buibui walikufa.

Buibui. Mnawafukuza bure. Amka mapema kabla umande haujakauka, chuchumaa kwenye tuta, tenganisha mashina kwa mikono miwili mpaka uone maji. Utamwona buibui mwindaji, hatengenezi utando, anakimbia juu ya maji. Jike hubeba kifuko cha mayai nyuma yake, na watoto wakitoka humpanda mgongoni. Utaona kerengende, utaona wadudu wa majini wanaowinda wenzao, utaona nyigu wadogo ambao ni vigumu hata kuwaona. Hawa wanafanya kazi bila mshahara. Dawa inayoua kila kitu huwaua wao kwanza, kwa sababu wanatembea hadharani, ilhali bungua amejificha.

Indonesia walilipia somo hili. Serikali yao ilikuwa ikiwapa wakulima dawa kwa bei ya ruzuku, na kadiri walivyopuliza ndivyo panzi mdogo wa kahawia anayefyonza mpunga alivyozidi, kwa kuwa maadui zake walikuwa wamekwisha. Mwaka 1986 Rais Suharto akapiga marufuku aina 57 za dawa zisitumike kwenye mpunga, na ruzuku ikapunguzwa hadi ikaondolewa kabisa mwaka 1989. Nchi haikufa njaa. Mavuno hayakushuka. Mdudu wao si mdudu wetu, na sitaki mtu anukuu Indonesia kama Msahafu, lakini utaratibu wa mashamba darasa uliozaliwa kule, wa wakulima kukutana shambani kila wiki na kuhesabu wadudu wenyewe, ulifika hapa. Mradi wa FAO na IFAD uliueneza Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia mwaka 1999, na Busia zote mbili zilikuwamo. Wapo humu ndani waliosoma kwenye mashamba hayo; nywele zao zimeanza kuwa nyeupe, na sioni waliowarithisha.

Sasa nije Bunyala.

Kulikuwa na dawa ya chembechembe iitwayo Furadan. Kiini chake ni kabofurani. Tuwe wakweli: ilipendwa kwa sababu ilifanya kazi. Huinyunyizi juu ya jani. Unaiweka kwenye udongo au maji, mizizi inainyonya, inapanda ndani ya shina, na bungua aliyejificha anakula sumu pamoja na chakula chake. Kwa mkulima aliyechoka kupuliza ukungu usiofika popote, hiyo ilikuwa faraja. Tatizo ni kwamba chembe moja inatosha kumuua ndege mdogo. Na watu wakagundua.

Mtaalamu wa ndege Mkenya, Martin Odino, alikaa Bunyala akiandika na kupiga picha yaliyokuwa yakitendeka katika majaruba ya mpunga. Kuna korongo ambaye mdomo wake hauzibi katikati, ameumbwa hivyo ili abane konokono. Wawindaji walichukua konokono, wakawatia kabofurani, wakawapanga kwenye jaruba, na pembeni wakamfunga korongo hai kama chambo, ili wenzake waliokuwa wakipita angani waone mwenzao anakula salama na washuke. Walishuka. Njiwa na bata wa porini walitegwa kwa mpunga uliotiwa sumu. Ndege waliookotwa walipelekwa sokoni na kwenye masufuria, kwa imani kwamba ukitoa matumbo na kuchoma vizuri sumu inaondoka. Sumu hii hufunga kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu inakihitaji ili ujumbe ukome. Anayezidiwa hutokwa mate na machozi, mboni za macho hunywea, misuli hutetemeka, na pumzi inaweza kukatika. Mama anayemchomea mtoto njiwa wa aina hiyo hakupewa lebo ya kusoma.

Mwaka 2009 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha jinsi wafugaji nchini Kenya walivyotumia dawa hiyo hiyo kuwaua simba, na kampuni iliyoitengeneza, FMC, ikatangaza kuinunua tena kutoka madukani na kuacha kuiuza Kenya. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuiondoa, na mwaka 2017 kabofurani iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ile ya kemikali ambazo nchi haiuziwi bila kuarifiwa na kutoa ridhaa yake. Hata hivyo waliokuwa wakiitumia Bunyala waliendelea kuipata. Mtu wa mpakani haulizi waliipataje. Njia za panya tunazijua kwa majina.

Najua mwenye duka fulani humu ananung'unika kimoyomoyo: ile ni habari ya wawindaji, mkulima anahusika nini? Anahusika hivi: sumu iliyoingia nchini kwa jina la mpunga ilitoka shambani kwa miguu ya watu. Na kuna sumu nyingine zinazotoka shambani bila mtu kuzibeba, nazo zinaingia chumbani kwako usiku.

Tororo ni mahali ambapo mbu amechunguzwa kuliko karibu kila mahali Uganda. Utafiti wa miaka ya 2001 na 2002 ulikadiria kwamba mtu mmoja wa Tororo alipata kwa mwaka maumo 562 ya mbu wenye vimelea vya malaria. Ni zaidi ya moja kila usiku. Neti zenye dawa zikaja, lakini mbu wa Tororo wakaonekana wamezoea dawa iliyo kwenye neti. Mwishoni mwa mwaka 2014 serikali ikaanza kupuliza kuta za nyumba, kwanza kwa bendiokabu, kisha mwaka 2016 kwa Actellic, na malaria ikashuka sana. Kuanzia mwaka 2020 zikaletwa dawa zenye klothianidini.

Tuzihesabu basi kwa koo zao. Dawa ya neti ni pairethroidi, ukoo mmoja na sipamethrini mnayopuliza kwenye mpunga na nyanya. Bendiokabu ni ukoo mmoja na kabofurani. Actellic ni ukoo mmoja na dimethoeti, na ni hiyo hiyo ambayo akina mama wanaichanganya na mahindi ghalani. Klothianidini ni ukoo mmoja na imidaklopridi. Koo nne za kumkinga mtoto na malaria ndizo koo nne zilizopangwa kwenye rafu ya duka la dawa za kilimo. Na mbu anazaliwa wapi? Katika maji ya jaruba lako. Kila unapopuliza kiasi kidogo kisichotosha, kwa dawa iliyochakachuliwa au kipimo cha kifuniko cha chupa, viluwiluwi wa mbu walio chini wanapata mazoezi. Wanaofariki wamefariki, wanaobaki wanazaa. Kilimo si sababu pekee ya usugu, neti zenyewe zimechangia, lakini hatuwezi kujitoa katika kesi hii.

Tangu viwavijeshi vamizi waingie mashamba ya mahindi mwaka 2016 na 2017, mabomba yamezidi kijijini, na mtu mwenye bomba mkononi hupata sababu ya kulitumia. Akimaliza mahindi anageukia mpunga. Akimaliza mpunga analiosha mferejini, na maji ya mfereji yanaenda kwa mwenye jaruba la chini, kwa samaki, kwa mtoto anayeoga. Pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Lebo inasema hivyo, kwa maandishi madogo na kwa lugha ambayo wengi wa wanaopuliza hawaisomi.

Lini basi dawa itumike? Baada ya wembe. Chukua mashina 100 kutoka sehemu mbalimbali za jaruba, si ya ukingoni peke yake, uhesabu yaliyokufa jani la kati. Miongozo mingi ya mpunga huweka mstari kati ya 5 na 10. Chini ya hapo, rudi nyumbani. Juu ya hapo, pasua, ujue ni bungua au ni funza wa inzi, tazama kama bado kuna mayai na viwavi wachanga nje ya shina, kisha umwone afisa ugani. Ukipuliza, puliza jioni upepo umetulia, kwa kipimo cha lebo, umevaa buti na glavu na umefunika uso, na uheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Msimu ujao usirudie ukoo ule ule. Na mkubaliane, kijiji kizima, mpandikize ndani ya wiki chache zile zile; jaruba moja likiwa kitaluni, la pili likichanua na la tatu likivunwa, bungua anahama tu chumba kwa chumba mwaka mzima.

Ninalowaomba wenye maduka ni dogo. Msipimie watu dawa kwenye chupa za soda. Mteja akisema "nipe ya wadudu", mwulizeni mdudu gani, na asipojua mwambieni alete shina.

Ninalowaomba wakubwa ni zito kidogo. Kenya ina bodi yake inayosajili viuatilifu, Uganda ina yake chini ya sheria ya mwaka 2006 ya kudhibiti kemikali za kilimo. Kila moja ina orodha yake ya kilichoruhusiwa na kilichofutwa. Orodha hizo mbili zibandikwe pamoja, kwa Kiswahili, kwenye ukuta wa kila duka la dawa za kilimo Busia, Malaba na Tororo, na mkaguzi wa Kenya na wa Uganda wapite dukani wakiwa wameongozana. Kinachofutwa Nairobi kikiendelea kuuzwa upande wa pili wa barabara, hakijafutwa.